Kabla ya Kulipia Basi la Shule, Uliza Leseni ya Dereva

Simu iliingia Ijumaa saa kumi jioni, ule wakati kila mtu ofisini ashaanza kuangalia saa. Aliyepiga ni mkurugenzi wa shule moja ya binafsi upande wa Ruiru, mteja wetu wa siku nyingi. Alikuwa amesimama kwenye yadi ya magari, muuzaji yuko hapo kando yake, na malipo ya kwanza ya basi yamekataa kutoka. Alitaka kujua kitu kimoja tu: mbona pesa yangu haiendi?

Hilo lilikuwa jepesi. Muamala mmoja mwisho wake ni shilingi 250,000, na kwa siku nzima huwezi kupita 500,000. Viwango hivyo vilipandishwa Agosti 2023. Kabla ya hapo vilikuwa chini zaidi. Yeye alikuwa anajaribu kusukuma 400,000 kwa mara moja. Mwenzetu wa huduma kwa wateja angemwambia hivyo, amtakie siku njema, akate simu. Lakini huyu mwenzetu babake aliendesha basi la shule miaka mingi, na kuna swali ambalo hakuweza kulimeza.

"Madam, samahani nikuulize. Hilo basi ni la viti vingapi, na litaendeshwa na nani?"

"Ni la 33. Si ataendesha Guka wetu? Ndiye dereva wa shule."

"Na Guka ana leseni ya daraja gani?"

Kimya. Halafu tukasikia akimuuliza mtu mwingine kwa sauti ya chini, halafu akarudi: "Ako na leseni. Ameendesha vani yetu miaka tisa."

Hapo ndipo tulipomsihi asitume chochote siku hiyo, si kwa mafungu mawili wala kwa njia ya benki, mpaka apige picha kadi ya leseni ya Guka na kusoma herufi zilizoko pale. Akakubali, ingawa muuzaji hakufurahi. Jumamosi asubuhi alitutumia ujumbe: kadi inaonyesha B2 na D1. Basi alilokuwa akilipia linahitaji D3.

Tumeomba ruhusa yake tuandike kisa hiki, bila jina lake wala la shule, kwa sababu tunajua hayuko peke yake. Kila muhula tunaona michango ya mabasi ikipita kwenye mfumo wetu. Wazazi wanachanga 500, wengine 1,000, wengine wanalipa kidogo kidogo hadi dakika ya mwisho. Sisi hatuuzi mabasi na hatutoi leseni. Ila pesa ikishalipiwa basi lisiloweza kuendeshwa na dereva uliye naye, ni ngumu sana kuirudisha, na hilo linatuhusu.

Hesabu inaanzia kwa viti

Watu wengi tunaozungumza nao wanadhani leseni ya dereva wa abiria ni moja. Uko nayo au huna. Hiyo ilikuwa karibu na ukweli enzi za herufi za zamani, na mpaka leo utasikia mtu akisema "ako na BCE, anaweza kuendesha chochote". Kanuni za mwaka 2020 za leseni na shule za udereva zilipanga upya mambo. Sasa kundi A ni la pikipiki na magurudumu matatu. B ni magari madogo: B1 ni ya otomatiki, B2 ni ya gia za mkono, B3 ni ya dereva anayefanya kazi ya gari dogo kama teksi. C ni malori. Na D ndilo la kubeba abiria, ambalo limekatwa vipande vitatu kwa kufuata idadi ya abiria.

D1 ni vani ya abiria wasiozidi 14. Hii ndiyo ile tunayoita matatu ya fotini, Toyota HiAce na ndugu zake. D2 ni basi dogo, kutoka hapo hadi abiria 32. D3 ni basi kubwa, kuanzia abiria 33 kwenda juu.

Soma tena hapo kwa 32 na 33. Kwa macho, basi la viti 29 na la viti 33 linaweza kuwa la ukubwa unaokaribiana, rangi ile ile ya manjano, injini zisizopishana sana. Muuzaji atakuambia tofauti ni viti vinne na bei kidogo. Kwa leseni, tofauti ni daraja zima. Na mabasi ya viti 33 yamejaa sokoni Kenya, maana ni ukubwa ambao shule na sacco nyingi zimezoea kununua. Kwa hivyo mkurugenzi wetu hakufanya jambo la ajabu. Aliangalia idadi ya watoto, akaangalia pesa, akachagua basi. Hakuna aliyemwambia kwamba kile kiti cha 33 kinabadilisha mtu anayeruhusiwa kushika usukani.

Kuna wajanja watakaokuambia: toa kiti kimoja, libaki na 32, maneno yaishe. Hapana. Kinachohesabiwa ni rekodi ya gari, ile idadi ya abiria iliyoandikwa kwenye logibuku. Kufungua kiti kwa spana na kukiweka stoo hakubadilishi logibuku. Mpaka rekodi ibadilishwe rasmi na gari likaguliwe, hilo ni basi la 33 lenye pengo katikati.

Tuseme pia jambo moja kwa wale mnaopenda kutafuta majibu mtandaoni. Ukiandika "leseni ya D1 na basi la shule" kwa Kiingereza, kurasa nyingi zitakazokuja ni za Uingereza. Kule nako kuna D1, lakini ni ya gari la abiria hadi 16, na kuna sheria yao kwamba aliyepata leseni ya gari dogo kabla ya tarehe 1 Januari 1997 alipewa D1 humo humo bila mtihani mwingine. Walimu wa kule wenye umri mkubwa huendesha basi dogo la shule kwa leseni hiyo. Tumeshaona kikundi cha wazazi kikibishana kwa WhatsApp kwa kutumia ukurasa kama huo. Haituhusu hapa. Hapa D1 ni 14, na mwalimu mwenye B2 hapati ruhusa ya vani ya wanafunzi eti kwa sababu amekomaa.

Kosa la dereva, na la mwenye gari

Kifungu cha 30 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinasema mtu asiendeshe gari la daraja ambalo leseni yake haijaidhinishwa. Watu wanaishia hapo kusoma. Kifungu hicho hicho kinaendelea kwa mwenye gari, au yule aliyekabidhiwa gari: asimruhusu mtu asiye na idhini ya daraja hilo aliendeshe. Maana yake, askari wakisimamisha basi la shule pale Kimbo na dereva ana D1 ndani ya basi la D3, kosa halibaki kwa Guka peke yake. Linapanda mpaka ofisi ya mkurugenzi.

Kwenye orodha ya makosa madogo ya trafiki ya 2016, kuendesha gari la daraja usiloidhinishwa ni faini ya shilingi 3,000. Tukiitaja hiyo kwa wateja, wengine wanacheka. Elfu tatu tu? Shule ikilipa mara moja kwa muhula bado imeokoa mshahara wa dereva mwingine. Tunaelewa hesabu hiyo, lakini anayeipiga amesahau bima.

Kila gari barabarani lazima liwe na bima ya kulinda watu wengine. Hiyo ni Sura ya 405. Shule nyingi zinaongeza bima kamili juu yake, inayolipa basi lenyewe. Sasa chukua mkataba wako wa bima, ule wa karatasi nyingi ambao hakuna anayeusoma, tafuta mahali panapoeleza dereva anayekubalika. Kwa kawaida utakuta imeandikwa kwamba awe na leseni halali ya kuendesha gari la aina hiyo. Siku basi likiingia mtaroni, mkaguzi wa bima ataomba vitu vichache, na leseni ya dereva iko mbele kabisa. Akikuta D1, kampuni ina sababu ya kukataa kutengeneza basi. Na kama ililazimika kuwalipa walioumia, inaweza kurudi kudai kwa mwenye gari. Hapo unazungumza pesa za kuuza shamba.

Wakati uko kwenye mkataba huo, angalia pia imeandikwa gari linatumika kwa nini. Basi linalobeba wanafunzi likatiwe bima kama basi linalobeba wanafunzi. Kuliandika kama gari la binafsi ili malipo yapungue ni kujichimbia shimo.

Na hatujagusa jambo lenyewe. Basi refu halikati kona kama vani. Nyuma yake inafagia kando, breki zake zinahitaji umbali mrefu zaidi, na ukilijaza watoto linainama tofauti. Dereva anaweza kuwa mzuri sana kwa HiAce na bado asijue hayo mpaka yamtokee akiwa na watoto thelathini nyuma. Mtihani wa daraja upo kwa ajili hiyo. Babake mwenzetu, yule dereva mstaafu, alitueleza kwa maneno machache: "Vani unaiendesha na mikono. Basi unaliendesha na kioo."

Watoto 62 na viti ni vingapi?

Turudi Ruiru. Shule ina watoto 62 wanaotumia usafiri. Vani iliyopo ni ya abiria 14, na kila safari inabeba mlezi anayewapandisha na kuwashusha watoto, kwa hivyo nafasi za watoto ni 13. Hapo ni safari tano kila asubuhi. Mtoto wa kwanza alikuwa anachukuliwa saa kumi na moja kasorobo alfajiri, bado giza, na walimu wa darasa la kwanza walikuwa wamezoea kuona vichwa vimelala kwenye madawati kabla ya mapumziko. Hilo ndilo lililowasukuma wazazi kuchanga. Wasingeweza kuambiwa tu "subirini".

Mkutano wa wazazi uliitishwa Jumamosi iliyofuata, nasi tulialikwa kwa sababu ya maswali ya michango. Njia tatu ziliwekwa mezani.

Ya kwanza: wanunue lile la 33 na waajiri dereva mpya mwenye D3. Toa mlezi, linabeba watoto 32, safari mbili zinawamaliza wote 62. Kwenye karatasi hiyo ndiyo njia safi kabisa. Tatizo lake aliliona mzazi mmoja ambaye mwenyewe ni fundi wa magari. Dereva wa D3 anatafutwa pia na kampuni za mabasi ya masafa marefu, na shule ndogo haiwezi kushindana nazo kwa mshahara. Akiondoka katikati ya muhula, au akiugua wiki moja, nani atashika basi? Guka yuko na D1, ngazi mbili chini. Basi litakaa uani.

Hili la dereva mbadala tunataka tulikazie, maana ndilo linalosahaulika kuliko yote. Shule inapanga kwa dereva mmoja, kana kwamba yeye haumwi na malaria, hafiwi, haitwi kortini. Siku ya siku akikosa, macho yote yanamgeukia mwalimu wa michezo, "si wewe una leseni?" Na ni kweli anayo: B2, ya gari lake dogo. Anapewa funguo kwa nia nzuri, watoto wasikose mtihani. Asubuhi hiyo moja ndiyo inayoweza kumaliza shule. Ukichagua basi, uliza dereva wako ni nani, halafu uliza wa pili ni nani. Kama wa pili hayupo, bado hujamaliza kuchagua.

Njia ya pili: waongeze vani nyingine ya 14. Guka abaki na yake, aajiriwe dereva mwingine wa D1. Madereva wa D1 ni rahisi kupata, na kila mmoja anaweza kuendesha gari la mwenzake. Lakini safari ni zile zile tano, sasa zimegawanywa kwa magari mawili: moja safari tatu, jingine mbili. Mtoto wa kwanza angepata usingizi zaidi, ila si mwingi. Na ikiwa shule itakua kidogo tu, wamerudi pale pale.

Njia ya tatu ndiyo waliyoichukua, baada ya mabishano ya saa mbili na chai. Basi la viti 29, ambalo liko ndani ya D2, pamoja na vani ya zamani. Basi linabeba watoto 28 na mlezi, mara mbili, hao ni 56. Wanaobaki sita ni wa ile barabara mbovu ya ndani ambako basi lingehangaika kugeuza, na vani inawachukua kwa safari moja. Dereva mpya mwenye D2 anaajiriwa kwa basi. Guka anabaki na vani yake ya D1, huku akijiandaa kufanya mtihani wa D2. Akipita, yeyote kati yao anaweza kushika gari lolote la shule siku mwenzake akikosa. Dereva wa D2 naye shule ilihakikisha kadi yake ina D1 pia. Wasingebahatisha kwamba daraja la juu linameza la chini.

Hatusemi 29 ndiyo jibu la kila shule. Kama una watoto 90 na bajeti ya kulipa madereva wawili wa D3, nunua kubwa. Ila kwa maoni yetu, shule ndogo inayoanza na basi lake la kwanza hupata raha zaidi ikibaki chini ya ule mstari wa 33.

Kuhusu Guka, kulikuwa na utata kidogo. Alipoambiwa kuna mtihani alinyamaza, halafu akasema ameendesha tangu Barabara ya Thika haijapanuliwa, sasa amfanyie nani mtihani? Mkurugenzi alimjibu vizuri: "Mzee, hakuna anayesema hujui. Tunataka karatasi iseme unachojua." Shule ikakubali kulipia masomo. Kama unapanga jambo hili kwa dereva wako, fahamu kwamba madaraja haya yana umri wa chini na miaka ya uzoefu inayotakiwa kwa kila ngazi. Dereva kijana aliyepata B2 juzi hataruka moja kwa moja hadi basi. Athibitishe kwanza anaruhusiwa kuomba daraja hilo, kabla ya shule kulipa karo ya masomo ya udereva.

Pale pesa inapopotelea

Sasa sehemu yetu. Mara tu habari ilipoenea kwamba shule inatafuta D2, mtu alimpigia Guka. Alijiita wakala. Alisema anaweza "kuongezea" D2 na hata D3 kwenye leseni bila mtihani, wiki moja tu, na pesa itumwe kwa namba yake ya simu, nusu sasa, nusu kazi ikiisha. Alikuwa na lugha nzuri na alijua majina ya fomu.

Guka alituuliza. Wengi hawaulizi. Tunapokea malalamiko ya namna hii baada ya pesa kwenda, na mtu anatuomba tuirudishe. Ukituma kwa makosa na upige simu haraka, mara nyingi kuna la kufanya. Lakini pesa uliyoituma kwa hiari, kwa namba uliyoihakikisha mwenyewe, na aliyepokea akaitoa kwa ajenti dakika tano baadaye, hiyo hatuna mahali pa kuichota.

Huduma za leseni zinatolewa na Mamlaka ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA) kupitia eCitizen, na malipo ya huduma za serikali pale hupita kwenye Paybill moja, 222222. Ukiomba huduma, mfumo unakupa namba ya akaunti ya ombi lako. Hiyo ndiyo unayoandika, pamoja na kiasi kile kile kilichoonyeshwa. Kabla hujaweka PIN, soma jina linalotokea kwenye simu. Likiwa jina la mtu, futa. Afisa hana sababu ya kulipwa ada ya serikali kwa namba yake binafsi, na hakuna daraja linalouzwa.

Pia, anayekununulia njia ya mkato hakupi leseni. Anakupa kadi yenye herufi ambazo huenda hazimo kwenye mfumo, au zimo leo na kesho zimefutwa. Askari na kampuni ya bima wanaangalia mfumo.

Tumia njia hiyo hiyo ya eCitizen kwa mambo mawili mengine yanayohusu basi lako. Unapoajiri dereva wa watoto, muombe cheti cha maadili mema kutoka DCI. Ada yake ni shilingi 1,050, na alama za vidole zinachukuliwa hata Huduma Centre. Na kabla ya kulipia gari lililotumika, fanya utafutaji wa rekodi zake kwa namba ya usajili, uone mwenye gari ni nani. Linganisha jina hilo na jina la mtu unayetaka kumlipa. Yasipolingana, kuna maelezo unadai.

Na malipo makubwa, kama yale yaliyokataa ile Ijumaa, usiyakate vipande uyatume kwa simu ya muuzaji siku tatu mfululizo ili kukwepa kikomo. Peleka benki, kwa akaunti ya kampuni inayouza, ubaki na risiti yenye namba ya gari. Michango ya wazazi nayo ikae kwenye Paybill au Till ya shule, isikusanywe kwa simu ya mwekahazina. Tunasema hivi tukijua ni biashara yetu, lakini pia tumekaa kwenye mikutano ambapo mwekahazina mwaminifu kabisa alishindwa kueleza shilingi 6,000 kwa sababu zilichanganyika na pesa zake za mboga.

Kama shule haijafika bei ya kununua na inakodi matatu kwa muhula, maswali hayabadiliki sana. Hesabu abiria kwenye logibuku, soma daraja kwenye leseni, uliza beji ya PSV ya dereva, na umuulize mwenye matatu ni nani anaendesha siku dereva huyo hayupo. Kwa matatu za kukodi, swali la mwisho ndilo lenye majibu ya kushangaza.

Manjano na mikanda

Haya mengine ni mafupi. Mabadiliko ya Sheria ya Trafiki ya 2017 yalitaka magari ya shule yapakwe manjano na yawe na mikanda ya usalama. Kila mtoto kiti chake, mkanda wake. Wawili kwa kiti kimoja eti kwa sababu ni wadogo ni kuzidisha abiria, na ukizidisha abiria umeharibu hata ile hesabu ya daraja la leseni uliyoianza nayo. Cheti cha ukaguzi kiwe hai. Kuendesha bila hicho faini yake ni 10,000 kwenye ile orodha ya 2016. Muuzaji akikuambia basi lina cheti, soma tarehe.

Basi la 29 liliingia Ruiru wiki ya tatu ya muhula. Mtoto wa kwanza sasa anachukuliwa saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, na mamake alitutumia ujumbe kusema amegundua mwanawe hula kiamsha kinywa. Dereva mpya ni kijana mpole anayepiga honi kidogo mno kwa ladha ya wazazi wa Ruiru.

Guka anaenda masomo ya D2 kila Jumamosi. Ada ya mtihani alisisitiza kuilipa mwenyewe kwa simu yake, akatuonyesha ujumbe wa uthibitisho akiwa amevaa miwani, kidole juu ya namba 222222. Mtihani ni mwezi ujao. Watoto sita wa vani wameshamuuliza kama akipita atawaacha ahamie basi la manjano jipya. Amewaambia gari lao nalo ni la manjano, na tena linajua njia.